Maji Yaliyovimbiwa: Istilahi za Ekolojia ya Vijito vya Mijini na Fursa za Utafiti wa Uzamili Katika Burat, Isiolo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya Kiswahili katika utafiti wa ekolojia ya vijito vya mijini, hususan utafiti wa mzunguko wa virutubishi majini. Mfano unaotumiwa ni Mto Isiolo na wadi ya Burat katika Kaunti ya Isiolo. Hoja kuu ni kwamba istilahi 'virutubishi' imebeba maana ya heri, na kwa sababu hiyo taarifa ya kitaalamu kuhusu madhara inaweza kumfikia mkulima ikiwa imegeuka kuwa habari njema. Makala yanapima mapendekezo matatu ya kulitatua tatizo hili, kisha yanabainisha mada ambazo mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili anaweza kuzitafiti bega kwa bega na mwanafunzi wa sayansi ya maji.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili amezoea kuitafuta mada yake katika riwaya, tamthilia, ushairi, fonolojia au sintaksia. Mada hizo zina uzito wake na zitaendelea kuwa nao. Hata hivyo, mazoea haya yamezaa dhana kwamba mito, udongo na hewa ni mambo ya vitivo vingine, na kwamba kazi ya mwanakiswahili ni kuitwa mwishoni, utafiti ukishakamilika, ili atafsiri muhtasari wa kurasa mbili. Makala haya yanaipinga dhana hiyo. Panapohusika maji ambayo watu huyanywa na kumwagilia mimea, neno linaloteuliwa kulitaja tatizo ni sehemu ya tatizo lenyewe, na huenda pia likawa sehemu ya suluhisho.

Msingi wa hoja hii ni wa kisheria na wa kitaaluma. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, nayo Ibara ya 43 inataja haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Haki ya maji safi haimfai mtu ambaye hakuielewa taarifa kuhusu maji yake. Kwa upande wa taaluma, jitihada za kukiwezesha Kiswahili kuibeba sayansi ni za miaka mingi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kisha mwaka 1992 ikatoa Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili cha Tumbo-Massabo na Mwansoko. Kazi hizo zilijenga msingi. Linalobaki ni kuzipeleka istilahi nje ya kamusi, zikapimwe masikioni mwa wanaozihitaji.

2.0 Burat na Mto Isiolo

Burat ni mojawapo ya wadi za eneo bunge la Isiolo Kaskazini, na iko karibu na mji wa Isiolo. Kaunti ya Isiolo, ambayo kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 268,002, kwa sehemu kubwa ni nchi kame ya wafugaji. Burat ni tofauti kidogo kwa kuwa hapo ufugaji unakutana na kilimo cha umwagiliaji. Maji yanayowezesha kilimo hicho ni ya Mto Isiolo, ambao hupokea maji yake kutoka miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, hupita mjini, kisha huelekea kaskazini na kuungana na Ewaso Ng'iro, mto ambao hatimaye huishia katika kinamasi cha Lorian.

Mambo mawili yanaifanya Burat kuwa mahali mwafaka kwa mada hii. La kwanza ni ukuaji wa mji. Tangu kuzinduliwa kwa mradi wa LAPSSET huko Lamu mwezi Machi mwaka 2012, Isiolo imehesabiwa miongoni mwa miji itakayopitiwa na ushoroba unaounganisha bandari ya Lamu na nchi jirani. Mji ukikua, vyoo, mabomba, karakana, machinjio, mitaro na paa za mabati huongezeka, na mto unaopita hapo hubadilika hata kama hakuna aliyekusudia kuubadilisha.

La pili ni lugha. Isiolo ni makutano ya Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru, Wasomali na wengineo. Maji yanayoitwa 'ngakipi' kwa Kiturkana huitwa 'nkare' kwa Kisamburu, 'bisaan' kwa Kiborana na 'ruuji' kwa Kimeru. Majina ya maeneo yenyewe yanashuhudia mseto huu: Ngare Mara, wadi jirani na Burat, ina jina linaloanza kwa neno la Kimaa lenye maana ya maji. Wazungumzaji hawa wote wanapokutana sokoni, zahanatini au katika baraza la chifu, lugha inayowaunganisha aghalabu ni Kiswahili. Kwa hiyo mtafiti wa mto atakayetaka kuzungumza na wakulima wote wa Burat kwa pamoja atahitaji Kiswahili, na atahitaji Kiswahili kilichoandaliwa kwa kazi hiyo.

3.0 Kijito cha Mjini: Sayansi kwa Muhtasari

Mwanafunzi wa lugha hawezi kuunda istilahi za jambo asilolielewa. Kwa sababu hiyo, sehemu hii inaeleza kwa ufupi yanayotokea katika kijito kinachopita mjini.

Wanaekolojia hutaja dalili nne kuu. Kwanza, mwendo wa maji hubadilika. Mvua inayonyesha msituni huzama ardhini na kuufikia mto polepole, ilhali inayonyesha juu ya mabati na lami hukimbilia mtoni mara moja. Mto hufurika ghafla, kisha hupungua haraka. Pili, umbo la mto hubadilika kwani kingo humomonyoka na kina huchimbika. Tatu, kemia ya maji hubadilika, hasa kwa kuongezeka kwa nitrojeni na fosforasi kutoka vyooni, maji ya kufulia, samadi na mbolea. Nne, viumbe wenye kuhitaji maji safi hutoweka na nafasi yao huchukuliwa na wachache wanaostahimili uchafu. Tangu mwaka 2005, kupitia makala ya Christopher Walsh na wenzake, dalili hizi zimejulikana kwa jina la jumla ambalo kwa Kiswahili linaweza kuitwa 'sindromu ya kijito cha mjini'. Ifahamike kwamba neno 'sindromu' limetoka katika utabibu. Wanasayansi wenyewe waliuona mto kama mgonjwa.

Nitrojeni ina safari ndefu. Mkojo na kinyesi vikioza hutoa amonia. Bakteria wanaotumia oksijeni huigeuza amonia hiyo kuwa nitriti, kisha nitrati. Nitrati huyeyuka kabisa majini na haina rangi. Mwani na mimea huifyonza ili ikue. Katika matope ya chini ya mto, mahali ambapo oksijeni haifiki, bakteria wengine huigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni, ambayo hurudi hewani. Fosforasi haina njia hiyo ya kutorokea hewani. Nyingi yake hung'ang'ania chembe za udongo na kulala katika mashapo hadi furiko lije kuizoa.

Virutubishi hivi vikiwa kwa kadiri, mto huwa hai. Vikizidi, hasa katika maji yaliyotulia kama ya bwawa au ya mfereji uliozibwa, mwani hustawi kupita kiasi, hufa na kuoza. Bakteria wanaouozesha huitumia oksijeni yote, na samaki hukosa pumzi. Hali hii wanasayansi huiita yutrofikesheni. Kwa binadamu kuna hatari nyingine: nitrati nyingi katika maji ya kunywa humdhuru hasa mtoto mchanga kwa kuipunguzia damu yake uwezo wa kubeba oksijeni. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mwongozo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita moja ya maji ya kunywa.

4.0 Tatizo la Neno 'Kirutubishi'

4.1 Asili na maana ya neno

Neno 'rutuba' lina asili ya Kiarabu, ambako maana yake ni unyevu. Lilipoingia katika Kiswahili liliuhama unyevu na kutua katika ubora wa udongo. Kutokana nalo kukapatikana kitenzi 'rutubisha', na kutokana na kitenzi hicho kukapatikana nomino 'kirutubisho' na 'kirutubishi'. Maumbo yote mawili hutumika, na katika uwanja wa lishe umbo la pili limepata nguvu kama jina la vijenzi vya chakula vinavyoujenga mwili.

Ukiyafuatilia matumizi ya neno hili utaona kwamba karibu kila mara huandamana na heri. Udongo wa rutuba hutoa mavuno, na chakula chenye virutubishi humkuza mtoto. Mama wa Burat aliyehudhuria kliniki ameambiwa mara nyingi ampe mwanawe mlo wenye virutubishi vya kutosha. Sasa mama huyo na aende barazani, mtafiti asimame na kutangaza kwamba utafiti wake umegundua virutubishi vingi katika maji ya mfereji. Je, atasikia nini? Kwa mantiki ya lugha yake, atakuwa ameambiwa kwamba maji hayo ni lishe. Mtafiti atakuwa amesema kweli tupu, na msikilizaji atakuwa ameelewa kinyume chake, wala hakuna kati yao atakayejua kwamba hawakuelewana.

4.2 Mapendekezo matatu

Ipo njia ya kwanza ya kutohoa, yaani kuyachukua maneno ya kigeni na kuyavika sauti za Kiswahili: 'nyutrienti', 'yutrofikesheni'. Faida ya utohozi ni kwamba istilahi haipotoshi. Hasara yake ni kwamba haielezi. Kwa mwanafunzi anayesoma kitabu, hasara hiyo ni ndogo kwa sababu atapewa fasili. Kwa msikilizaji wa barazani ni kubwa, maana neno litapita masikioni bila kuacha chochote.

Njia ya pili ni kuliepuka neno 'virutubishi' na kusema 'uchafu' au 'uchafuzi'. Neno hili linatahadharisha vyema, lakini lina kasoro mbili. Kwanza, uchafu kwa mtu wa kawaida huonekana au hunuka, ilhali nitrati haina rangi wala harufu. Mtu akiambiwa maji ni machafu atachota gilasi, atayaona meupe, na atamwona mtafiti kuwa mwongo. Pili, kwa mkulima neno hili si la haki. Nitrojeni na fosforasi zilizo katika maji ya kumwagilia kwa kweli huilisha mimea. Mkulima anayeona kitunguu chake kikinenepa hadanganyiki. Asichokiona ni vimelea vya maradhi ambavyo huenda vimefuatana na virutubishi hivyo iwapo vimetoka vyooni, pamoja na yale yatakayowafika watumiaji wengine wa maji yale yale. Istilahi inayoificha faida ni pungufu sawa na ile inayoyaficha madhara.

Njia ya tatu ni kutafuta ndani ya Kiswahili picha inayobeba mambo mawili kwa pamoja: kwamba kitu chenyewe ni chema, na kwamba kuzidi kwake ni dhara. Makala haya yanapendekeza kitenzi 'vimbiwa'. Mtu aliyevimbiwa hakula sumu. Alikula chakula kizuri, akazidisha. Tumbo limemjaa na pumzi inambana. Maji yaliyopokea virutubishi kupita kiasi hupatwa na hali kama hiyo, kwani nayo pia hubanwa pumzi kwa kukosa oksijeni. Kwa hiyo katika maandishi ya kitaalamu istilahi inaweza kuwa 'urutubikaji uliokithiri', na katika maelezo ya umma maji hayo yakaitwa 'maji yaliyovimbiwa'.

4.3 Mipaka ya pendekezo

Pendekezo hili lina mipaka, na ni vyema ielezwe kabla ya kuandikwa kamusini. Kitenzi 'vimbiwa' ni jamaa ya 'vimba', na msikilizaji anaweza kudhani kwamba mto uliovimbiwa ni mto uliofura kwa mvua. Aidha, picha hii inafaa zaidi kwa maji yaliyotulia kuliko kwa mto unaokwenda kasi ukiwa na tope, ambamo mwani haupati mwanga wa kukua. Tena haielezi hatari ya nitrati kwa mtoto mchanga, jambo linalohitaji onyo lake mahususi. Mwisho, haijulishi yenyewe kama Mturkana au Mborana anayekitumia Kiswahili kama lugha ya pili ataiona picha hiyo kama aionavyo mzawa wa Kiswahili. Masuala haya hayawezi kujibiwa mezani, na hapo ndipo fursa ya utafiti inapoanzia.

Hata hivyo, historia inatia moyo. Katika miaka ya 1990 mmea wa kigeni ulienea katika Ziwa Viktoria, ukaziba ghuba na kukwamisha mitumbwi. Jina lake la Kiingereza ni jina la ua. Kiswahili kililiambatanisha 'gugu' na 'maji', kikapata 'gugumaji'. Kila mkulima anajua kwamba gugu ni la kung'olewa. Onyo limo ndani ya jina, wala halihitaji fasili. Kiwango hicho ndicho ambacho istilahi ya mazingira inapaswa kukilenga.

5.0 Istilahi Nyingine Zinazodai Mjadala

5.1 Mzunguko ambao haurudi mahali pake

Neno 'mzunguko' limezoeleka katika vitabu vya shule: mzunguko wa maji, mzunguko wa nitrojeni. Duara hurudi lilipoanzia. Mtoni mambo si hivyo. Chembe ya nitrojeni humezwa na mwani, mwani huliwa na mdudu, mdudu hufa, chembe huachiliwa tena majini, lakini wakati huo maji yameshaisogeza mbele. Itamezwa tena hatua nyingi chini ya pale ilipokuwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, wanaekolojia wa Marekani walianza kuueleza mwendo huu kwa picha ya waya uliosokotwa na kuvutwa. Kiswahili kina neno linalolingana na picha hiyo: 'parafujo', lenye asili ya Kireno, ambalo ni jina la msumari wa kuzungusha. 'Mzunguko wa parafujo' ungeeleza kitu kinachozunguka huku kikisonga mbele. Pingamizi ni kwamba katika karakana nyingi za Kenya fundi husema 'skrubu'. Je, istilahi ifuate kamusi au karakana? Swali hili ni la kinadharia na linatosha kuwa sura nzima ya tasnifu.

Umuhimu wake si wa kinadharia tu. Urefu wa hatua moja ya parafujo huonyesha uwezo wa mto kujisafisha. Mto wenye kingo zenye miti, mawe na matope yaliyo hai huvinasa virutubishi baada ya mwendo mfupi. Mto uliogeuzwa mfereji wa saruji huvipitisha hadi kwa jirani wa chini. Mtu akiuelewa mwendo huu ataelewa kwa nini kukata miti ya kingo mahali pamoja ni kumdhuru mwenye shamba la mahali pengine.

5.2 Athari ya Birch

Miaka ya 1950, H. F. Birch, mtafiti wa udongo aliyefanya kazi Muguga nchini Kenya, alichunguza kinachotokea udongo mkavu unapoloweshwa. Aligundua kwamba vijidudu vya udongo huzinduka kwa ghafla, huozesha mabaki kwa kasi na kuachilia nitrojeni nyingi kwa muda mfupi. Makala yake ya mwaka 1958 ilijulikana kote duniani, na tukio lenyewe likaitwa kwa jina lake. Jambo hili lina uzito wa pekee Isiolo, ambako vijito vingi ni laga, yaani mikondo inayokauka kiangazi na kutiririka mvua inaponyesha. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilipungua mfululizo katika Pembe ya Afrika, kisha mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 zikaleta mafuriko. Samadi ya mifugo, vumbi na taka zilizokusanyika katika laga kavu huzolewa pamoja na maji ya kwanza. Maji ya mvua ya kwanza si sawa na maji ya mvua ya kumi.

Inasikitisha kwamba ugunduzi uliofanywa katika udongo wa Afrika Mashariki hauna jina la Kiswahili lililozoeleka. Kabla ya kuunda jina jipya, mtafiti angefaa kuwauliza wafugaji na wakulima wenyewe, kwani jamii iliyoishi na kiangazi kwa vizazi aghalabu huwa na jina la maji ya kwanza, na pengine na mwiko kuhusu kuyanywa. Istilahi inayochipuka katika ujuzi wa wenyeji ina mizizi kuliko ile inayotungwa ofisini.

5.3 Mto au mtaro?

Kiswahili hutofautisha mto, kijito, mkondo, mfereji na mtaro. Mto una jina na chanzo, nao mtaro huchimbwa ili kupitisha kisichotakiwa. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki hufika siku ambapo wakazi huanza kukiita kijito 'mtaro'. Badiliko hilo la neno ni hukumu. Kikishaitwa mtaro, kumwaga taka humo hakuonekani tena kuwa kosa. Mwanaisimujamii anaweza kuchunguza ni katika sehemu gani ya mji, na kwa wazungumzaji wa umri gani, jina hubadilika, kisha akalinganisha na vipimo vya maji mahali hapo.

6.0 Fursa za Utafiti wa Uzamili

6.1 Mada kwa mwanafunzi wa Kiswahili

Kutokana na mjadala huu, mada zifuatazo zinapendekezwa:

(a) Uelewa wa istilahi za ubora wa maji miongoni mwa wakulima wa Burat. Ujumbe mmoja utungwe kwa namna tatu, ukitumia 'virutubishi', 'uchafuzi' na 'kuvimbiwa'. Kila kikundi kisomewe namna moja, kisha wasikilizaji waombwe kuusimulia upya na kujibu maswali ya matendo: je, maji haya utayamwagilia sukumawiki? Utamkorogea mtoto mchanga uji kwayo? Ili kuepuka taharuki, mto unaotajwa katika ujumbe uwe wa kubuni, na mwishoni washiriki wote wapewe maelezo kamili.

(b) Majina ya viumbe wa majini katika Kiswahili na lugha za Isiolo. Wanaekolojia huupima mto kwa wadudu wake, kama inavyofanyika katika mfumo wa SASS wa Afrika Kusini na wa TARISS uliobuniwa Tanzania. Kiswahili kina kereng'ende na viluwiluwi, lakini lava wengi wa majini hawana majina yaliyosanifiwa.

(c) Mpaka wa kimaana kati ya mto, laga, mfereji na mtaro katika usemi wa wakazi wa Isiolo.

(d) Tafsiri ya fomu za ridhaa na za mrejesho wa utafiti: kinachopotea kati ya Kiingereza cha mtafiti na Kiswahili cha msaidizi wake.

(e) Fasihi simulizi ya maji: methali, miiko na masimulizi kuhusu vyanzo na vivuko, na jinsi inavyoweza kutumiwa katika elimu ya umma.

6.2 Utafiti wa pamoja na wanasayansi

Mada hizi zitakuwa na nguvu zaidi zikiambatana na vipimo. Mwanafunzi wa sayansi ya maji anaweza kuchukua sampuli mahali patatu, yaani kabla ya mto kuingia mjini, ndani ya mji, na katika mifereji ya mashamba ya Burat. Azichukue kiangazi, siku za mvua ya kwanza na katikati ya msimu, akipima nitrati, amonia, fosfati, oksijeni, joto na wadudu. Mwenzake wa Kiswahili atakuwapo tangu siku ya kwanza, akirekodi majina na maelezo ya wakulima, na ndiye atakayeandaa mrejesho. Tasnifu zitakuwa mbili na mto utakuwa mmoja.

Mazingira ya kitaasisi yapo. Chuo Kikuu cha Egerton kina mapokeo marefu ya kuuchunguza Mto Njoro na kimeendesha uzamili wa limnolojia na usimamizi wa ardhioevu kwa ushirikiano na IHE ya Delft na BOKU ya Vienna. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru hakiko mbali na Isiolo. Kituo cha CETRAD mjini Nanyuki na Kituo cha Utafiti cha Mpala katika Laikipia vimeshughulikia bonde la Ewaso Ng'iro kwa miaka mingi.

6.3 Taratibu

Mtafiti anahitaji idhini ya maadili kutoka chuoni na kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI), iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013. Sheria hiyo hiyo iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, ambayo mwanafunzi anapaswa kufuatilia matangazo yake. Mamlaka ya Rasilimali za Maji, iliyoundwa na Sheria ya Maji ya mwaka 2016, ndiyo msimamizi wa mito, nayo hushirikiana na vyama vya watumiaji maji mashinani. Busara ni kuanza na vyama hivi. Mtu anayejitokeza mtoni na chupa za sampuli bila kujitambulisha huzua maswali, hasa mahali ambapo maji ni chanzo cha ugomvi kati ya walio juu na walio chini.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba neno jema linaweza kuficha jambo baya, na kwamba neno kali linaweza kumnyima mkulima haki ya kuelewa faida anayoipata. 'Maji yaliyovimbiwa' ni pendekezo linalosubiri kupimwa, na likishindwa barazani litupwe bila majuto. Lisilofaa kutupwa ni kanuni yenyewe: istilahi ya mazingira ipimwe kwa uamuzi ambao msikilizaji ataufanya baada ya kuisikia. Wahadhiri wa Kiswahili na wa sayansi wanahimizwa kusimamia kwa pamoja tasnifu za aina hii, na vyama vya wanafunzi viandae warsha za istilahi kando ya mito yenyewe, mbele ya watu wanaoyachota maji. Siku mama wa Burat atakaposikia matokeo ya utafiti na kujua, bila kuuliza mara ya pili, maji yapi ni ya shamba na yapi si ya mtoto, taaluma ya Kiswahili itakuwa imefanya kazi ambayo hakuna taaluma nyingine ingeweza kuifanya kwa niaba yake.